Hedifoni Tatu na Kaburi la Kator

Juba, 18 Machi 2007

Kaka yangu Marino,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mikono yako ya kazi. Mimi sijambo, ila vumbi la Juba limenikausha koo. Naandika kwa sababu simu imenishinda. Jumapili ile tulimaliza salamu tu, laini ikakatika. Johnson, dereva wa basi la Kampala, amekubali kuwa posta yetu.

Mama ameleta habari kutoka kambini Adjumani. Jina lake limeingia katika msafara wa wanaorudi nyumbani, labda baada ya mvua kubwa. Ameshaanza kugawa kuku kwa majirani. Anauliza kama tumeipata nyumba yetu ya mtaa wa Kator. Nilikwenda kuitazama. Imezungushwa mabati pande zote. Mwanamke mmoja alinifungulia lango kiasi cha uso wake tu, akasema mwenye nyumba yuko Yei. Kaburi la Baba, lile la uani, sikuliona. Kaka, wewe ndiye mkubwa. Ulipoondoka Kator ulikuwa na akili ya kukumbuka, mimi nilibebwa mgongoni. Tunahitaji ushahidi wako. Unakuja lini?

Sasa la kazi. Kamati ya migogoro ya ardhi imenichukua niwe mkalimani. Wakili anayeishauri, Valary Awino, ni Mkenya, na Kiarabu cha Juba hajui hata cha kuombea maji. Shahidi anasema mbele ya maikrofoni, mimi nasikiliza kwa hedifoni kwa sababu jenereta linanguruma dirishani, halafu namwambia wakili kwa Kiswahili, maneno yaleyale, kana kwamba ni mimi ninayesema. Shahidi akisema "nilipigwa," nami nasema "nilipigwa." Ndiyo sheria ya kazi. Lakini hedifoni za ofisi zimekufa upande mmoja na zinabana mpaka masikio yanawaka moto. Wewe una duka. Nitafutie nzuri, isiwe ya bei ya wakubwa wala ya kutupa kesho.

Dada yako,
Santina


Kampala, 9 Aprili 2007

Santina mdogo wangu,

Banange, umenifurahisha! Salamu nyingi. Duka liko vizuri, mvua inanyesha kila siku na redio za watu zinaingia maji, kwa hiyo fundi anakula. Mpelekee Mama salamu, mwambie asigawe kuku wote.

Nimempa Johnson hedifoni tatu, zote za bei ya kati. Sikiliza, nikufundishe. Kwanza tazama besi, ile sauti nene ya ngoma. Watu wanaipenda, lakini ikizidi inafunika kila kitu. Halafu sauti nyembamba. Hiyo ndiyo inabeba *s*, *t* na *k*, na ikiwa kali inachoma, ikiwa laini unasikia neno zima bila kuumia. Mwisho ni starehe. Hedifoni ambayo huwezi kuivaa asubuhi nzima ni bangili ya mateso tu.

Nyeusi ina besi kubwa. Ya fedha ina sauti nyembamba nyingi. Ya kijivu ni mpya, sijaijua vizuri. Zivae zote kazini, unipe ripoti ya kweli. Ile utakayoisifu nitaagiza katoni nzima nilete huko. Nasikia ofisi zinaota Juba kama uyoga.

Habari ya Kator tutaizungumza. Usijichoshe kwenda pale. Watu waliojizungushia mabati si watu wa kusumbua.

Kaka yako,
Marino


Juba, 13 Mei 2007

Kaka Marino,

Salamu kutoka mtaani kwangu Mangateen. Mvua imeingia chumbani kwangu, nimepandisha kitanda juu ya matofali. Mama hajambo, anakohoa kidogo. Mzigo umefika salama.

Ripoti yako hii hapa. Nyeusi ni laini kama mto wa mtoto, sisikii hata kama nimeivaa, isipokuwa joto. Besi yake ni kama ngoma za Jumapili pale kanisa kuu, inakutikisa kifua. Kwa muziki ni raha. Kwa mashahidi ni taabu, kila mzee anasema kama yumo ndani ya chungu. Ya fedha ni kinyume chake. Kila *s* inatoka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, na utepe wake unabana kichwa. Niliivaa hadi chai ya saa nne, nikaomba ruhusa nikalale. Ya kijivu sina la kukuambia. Wakili Valary aliijaribu siku ya kwanza, akaivaa, na tangu hapo anaitumia kusikiliza kanda zake. Nikimwomba anasema, "Kesho, dada." Kwa hiyo ninayofanyia kazi ni nyeusi.

Kuhusu Kator hujanijibu. Nilikuuliza lini, ukanijibu uyoga. Mama anataka kujua kama lile kaburi linafagiwa.

Santina


Juba, 14 Juni 2007

Kaka Marino,

Sijapata barua yako, lakini siwezi kungoja. Salamu. Mama hajambo. Mimi sijui kama sijambo.

Jana kulikuwa na kesi ndogo, majirani wawili wa Kator wanagombania uzio. Ploti zina namba mpya siku hizi, kwa hiyo jalada halikuniambia chochote. Aliitwa mmoja wao, mtu mrefu anayeitwa Romano, mwashi, mjane mwenye watoto. Mzee Cirillo, mwenyekiti wa kamati, akamtaka aeleze alivyoipata ploti. Romano akaanza, nami nikaanza nyuma yake.

"Nilinunua mwaka ule wa amani," nikasema.

"Muuzaji alikuwa kijana aliyetoka Kampala, fundi wa redio, jina lake Marino." Hilo nalo nikalisema, kwa sauti ya kawaida. Nilifikiri, Marino ni wengi.

"Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Uani kulikuwa na kaburi la saruji, msalaba wake umevunjika mkono mmoja."

Mama ametusimulia mara ngapi jinsi mpira wako ulivyovunja mkono wa msalaba wa Baba? Alikuwa akicheka na kulia. Nikasema "mkono mmoja," nikaendelea, kwa sababu Romano alikuwa anaendelea.

Mzee Cirillo akauliza, "Kaburi la nani?"

Romano akajibu, "Muuzaji aliniambia, *kabur de bita zol sakit*."

Nikamwambia wakili, "Muuzaji aliniambia kaburi hili ni la mtu tu, halina mwenyewe."

"Ndiyo maana nikasimamisha nguzo ya jiko juu yake."

Nikasema, kaka. Nikasema kwa mdomo wangu, mimi binti wa mtu aliyelala pale, "Ndiyo maana nikasimamisha nguzo ya jiko juu yake."

Wakili Valary akanigeukia. "Santina, mbona unalia?"

"Hedifoni inabana," nikamjibu.

Sijamwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimevaa nyeusi, ile yenye besi iliyozidi, na jenereta lilikuwa linanguruma. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba besi ikizidi inafunika. Niambie basi. Inawezekana sikusikia vizuri?

Santina


Kampala, 30 Julai 2007

Mdogo wangu Santina,

Usinihesabie ukimya. Malaria ilinilaza, halafu mwenye jengo akataka tuhame upande wa nyuma. Sasa nimepona. Kikohozi cha Mama kinaendeleaje? Nimempa Johnson sukari na sabuni ampitishie Adjumani.

Barua yako nimeisoma. Nakujibu kama fundi. Nyeusi haifai kwa maneno, na ripoti yako imenionyesha hivyo, sitaiagiza. Besi yake inameza sauti nyembamba. Sasa chukua neno *sakit*. Ondoa *k*, ondoa *t*, kinabaki nini? Kinabaki kitu kama *sabi*. Kwa Kiarabu cha Juba *sabi* ni rafiki, wewe unakijua kuliko mimi. Mtu huyo alisema kaburi ni la rafiki. *Kabur de bita zol sabi.* Ni neno la heshima. Nani atasema "zol sakit" juu ya maiti?

Na Marino, umesema mwenyewe, ni wengi. Misalaba iliyovunjika pia ni mingi, vita vimepita pale.

Nakutumia sponji mpya za ile ya fedha, labda itapunguza kubana. Usiumize kichwa bure.

Marino


Juba, 12 Agosti 2007

Kaka,

Salamu. Sukari ilimfikia Mama. Msafara wao umepangwa mwezi ujao, ameshafunga mizigo na anailalia.

Kanda ya kesi ile lazima itafsiriwe kwa maandishi, na kazi hiyo ni yangu. Basi nikaifanya kama ulivyonifundisha. Wakili alipokwenda semina Rumbek alinirudishia ya kijivu, nikakaa ofisini na hedifoni zako zote tatu na kanda moja.

Nilianza na nyeusi. Ulikuwa na haki, kaka. *Sa*, halafu mvumo, halafu *i*. Ingeweza kuwa sakit, ingeweza kuwa sabi. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nilisema, Mungu asante, kosa ni la hedifoni.

Ya fedha, hata na sponji mpya, ilinichoma. Mwisho wa neno kulikuwa na kitu chenye ncha. Nikajiambia ni ukali wa hedifoni yenyewe, si wa neno.

Ndipo nikavaa ya kijivu. Ukitaka ripoti, chukua. Haibani, haina joto, besi imekaa chini mahali pake, na sauti nyembamba inapita laini kama uzi kwenye sindano. Jenereta lilirudi nyuma likawa nje ya dirisha, mahali lilipo kweli. Nilimsikia Romano akimeza mate. Nilisikia *sakit*, *k* yake na *t* yake. Niliirudisha kanda mpaka kidole kikauma.

Na nilisikia kitu kingine ambacho siku ya kesi sikukisikia. Kabla ya neno lile Romano anamwigiza muuzaji. Anapiga ulimi kwenye meno, *tk*, kama afanyavyo mtu ninayemjua akitaka mazungumzo yaishe. Mtu huyo nimekua nikimsikia akifanya hivyo kila jioni, mbele ya uji, kambini.

Nilitoa hedifoni nikatoka nje, nikasimama kwenye matope na viatu vya ofisi. Mlinzi aliniuliza kama nimefiwa.

Kumbuka, mwezi wa sita sikukuuliza kama ni wewe. Nilikuuliza kama nilisikia vizuri. Sasa nakuuliza lile la kwanza. Wakili anaingoja tafsiri. Nimeiandika yote, sentensi moja nimeiacha wazi.

Santina


Kampala, 2 Septemba 2007

Santina,

Salamu kwako na kwa Mama. Duka liko wazi.

Andika *sabi*. Aliyesikia ni wewe, hakuna atakayekubishia. Ukiandika lile lingine, Mama atafika na atalisikia.

Ya kijivu usimrudishie wakili. Ni yako.

M.


Juba, 7 Oktoba 2007

Marino,

Nakusalimu. Barua yako ilifika nikiwa nimeshakabidhi. Niliandika *zol sakit*, na chini yake, "mtu tu, asiye na mwenyewe." Siku hiyohiyo nilimwambia Wakili Valary kwamba ploti ile ni ya baba yangu. Akaniuliza, "Na siku ile uliendelea kutafsiri?" Nikamwambia niliendelea. Akanitoa kwenye kesi, akaomba mkalimani mwingine, akatuandikia dai letu. Jina lako sikulitaja. Hakuniuliza.

Mama amefika. Alishuka kwenye lori akiwa amevaa gauni alilovaa kwenye harusi ya shangazi, akashika udongo, akauonja. Nilitaka kumwandaa kwa yale ya Kator, nikashindwa kila siku. Kwa hiyo aliingia ukumbini bila kujua lolote ila kwamba nyumba ina mtu.

Tulikaa mstari wa mbele. Mkalimani mpya akamnong'oneza wakili Kiswahili, lakini Mama hahitaji mkalimani wala hedifoni. Romano alisimama akasema yote tena kwa Kiarabu cha Juba, polepole, kwa sababu aliona mama mzee anamtazama. Kijana wa Kampala. Fundi wa redio. Marino. Kaburi la mtu tu. Nilitaka kumziba Mama masikio kama mtoto. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, hakutikisika.

Mzee Cirillo akasema, "Mama, kaburi hilo ni la nani?"

"Ni la mume wangu."

"Na huyo Marino aliyeuza, ni mwanao?"

Mama akasimama. Marino, nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, ndiyo kazi yangu.

"Nina mtoto mmoja. Ni huyu hapa. Huyo mwingine simjui."

Nilimtazama nikadhani umri umemchanganya. Haukuwa umemchanganya. Uso wake ulikuwa mkavu kama sahani.

Romano akaita, "Mama! Kama si mwanao, basi mimi nilinunua kwa mwizi! Watoto wangu niwapeleke wapi?" Akaja mpaka mbele yetu, akapiga magoti. "*Malesh*, Mama, nisamehe nguzo ile. Sikujua." Mama akamwinua kwa mkono, akamwambia, "Wewe hukujua."

Mimi nilikuwa nimekaa pale. Kamati haikuniuliza, na mimi sikusema. Nimeishi kwa kusema maneno ya watu bila kubadilisha hata moja, na siku ile nilipaswa kusema langu, nikalimeza.

Njiani nilimuuliza, "Mama, umesema hivyo ili tupate nyumba, au umesema hivyo kweli?"

Akasema, "Chumvi imekwisha. Tupitie sokoni Konyokonyo."

Nilimuuliza tena usiku wa Jumapili. Alisema anasikia baridi.

Kamati itatoa uamuzi tarehe ishirini na sita. Kila mtu anajua utakavyokuwa, aliyeuza amekanwa na mwenye nyumba, kwa hiyo Romano ataondoka. Juzi nilipita Kator. Nguzo ameshaing'oa mwenyewe, hakungoja kuambiwa. Kaburi amelisugua kwa maji na majani. Binti zake walikuwa wanatoa matofali nje kwa karai. Mwanamke yule wa langoni, ambaye kumbe ni dada yake, aliponiona safari hii alifungua lango lote.

Siku hiyo nitasimama niseme muuzaji ni nani. Mama akinikana na mimi, na anikane. Nakuandikia mapema ili upate nafasi ya kusimama kabla yangu.

Santina


Nimule, 19 Oktoba 2007

Santina,

Salamu za Mama, zile za ukumbini, nimezipata.

Barua yako niliisoma dukani, mteja amesimama, redio yake iko wazi mezani. Nilimwomba arudi kesho. Sasa namwonea huruma, maana kesho hiyo nilikuwa nimeshafunga duka na niko ndani ya basi.

Niko mpakani. Daraja limeharibika mbele, wanasema lori la kwanza litapita Jumatatu. Johnson anakwenda kwa pikipiki ya rafiki yake, ndiye atakayekufikishia karatasi hii. Nimelala kwenye benchi la kituo na watu wanaorudi, na mama mmoja mzee aliniuliza mimi ni wa wapi. Nilisema Kator. Akaniuliza, Kator kwa nani? Nikalitaja jina la Baba. Sijalitaja kwa mtu tangu ile safari yangu ya Juba, mwaka ule wa amani. Akanipa maji kama mtoto, Santina, mtu mzima mimi.

Usisimame kabla yangu. Romano nitamwambia mimi, mbele ya kamati, na yote aliyonipa tutajua namna ya kuyarudisha.

Kuhusu Mama, usimwambie kwamba nakuja, wala siku, wala saa. Usimfungulie hata mlango. Nitabisha mwenyewe, na nataka afungue akiwa hajajiandaa. Barua inaweza kumsaidia mtu kuficha, mimi najua. Lakini mtu akishtuka, uso wake haujui kudanganya. Kama ni kweli hanijui, nitaliona hapohapo mlangoni, nami nitapita moja kwa moja hadi Kator.

Marino